Mkono Uliokandwa Bila Kuuma

Wenzangu mnaokaa kwenye benchi la fizio mkisubiri zamu, nanyi mnaowasindikiza, nawasalimu. Walionizidi umri, shikamooni. Mama wa fizio, anayetunyoosha viungo, ndiye aliyeniomba niandike yaliyonipata, akasema nisiogope herufi. Elimu yangu ni darasa la saba. Nina tabia ya kuandika mambo ya siku kwa ajili yangu mwenyewe, ila kuwaandikia watu ni kitu kingine, na sina hakika kama nakiweza. Nitajitahidi nisimwonee mtu. Pale nisipokumbuka vizuri nitasema sikumbuki.

Naitwa Bukuru, ni mtu wa Mwandiga. Kwetu Waha pacha anayetangulia kuzaliwa huitwa Bukuru na anayemfuata huitwa Butoyi, kwa hiyo mkisikia jina langu mnajua nina mwenzangu. Butoyi na mimi tulifanana hadi jasho. Kazi yetu ilikuwa moja, kukwea michikichi ya watu na kuangusha mikungu, kisha mchana tunasukuma nondo ya mashine ya kukamulia mawese, tunazunguka na kuzunguka. Mikono yetu ilijaa. Wanawake waliokuwa wanachemsha chikichi walituambia tuikunje tuiweke pamoja waone upi mnene, na hawakuwahi kupata mshindi. Mimi nilidhani mwili ni nyama tu. Nyama ikiwepo, nguvu ipo. Sikujua kwamba kuna kingine chochote mle ndani kinachohitaji kuwepo.

Mkwezi anakaa ndani ya kitanzi cha kamba kinachozunguka mti na mgongo wake. Anaiegemea kamba, anasogeza miguu, anairusha kamba juu, anasogeza tena. Mwandiga tuna mtindo ambao sijausikia kwingine, ingawa sijatembea sana. Mkungu ukiwa upande wa pili wa mti, mkwezi hashuki kuanza upya. Anaipandisha kamba kutoka kiunoni hadi kwapani, anajilaza upande, anaufikia mkungu kwa panga. Inaokoa muda. Waliotufundisha walifanya hivyo mpaka walipozeeka, kwa hiyo siwezi kuuita ujinga.

Siku hiyo mvua ilikuwa imenyesha asubuhi. Kamba ilikuwa kwapa la kulia, panga mkono wa kushoto. Kikonyo cha kuti nilichokikanyaga kilikuwa kimeoza. Mguu mmoja uliondoka, wa pili ukaufuata, kamba ikaung'ang'ania mti, na uzito wangu wote ukadakwa na lile kwapa. Nilisikia kitu shingoni kama mshono wa nguo unavyofumuka. Moto ukashuka hadi kwenye vidole. Kisha kimya.

Butoyi alikuwa chini anakusanya chikichi. Akacheka. "Umekuwa popo, kaka?"

Simlaumu, tulikuwa na mazoea ya kutishana namna hiyo. Nilipomjibu kwa sauti ambayo haikuwa yangu, alikwea bila kamba, akanipachika mgongoni, akanishusha.

Chini nilijikagua. Magoti yalikuwa yamechubuka, yaliuma. Mbavu ziliuma. Mkono wa kulia haukuuma hata kidogo, nami nilimshukuru Mungu kwa hilo. Niliuona umelala juu ya majani kama wa mtu mwingine aliyelala karibu yangu.

"Inua mkono tuondoke," Butoyi aliniambia.

"Nimeshauinua," nikamjibu, kwa maana ndani yangu nilikuwa nimeuinua.

Hospitali ya mjini Kigoma walipiga picha. Daktari kijana aliielekeza dirishani akaisoma. "Mfupa mzima, bega halijachomoka. Neva ndizo zimevutwa, zile zinazotoka shingoni kwenda mkononi. Ufungwe kitambaa shingoni, usiuache mkono uning'inie, na uje fizio wiki ijayo." Alisema yote hayo, mimi ni shahidi wake. Ila mimi, Butoyi na mke wangu Sada tulisikia mfupa mzima, tukatoka tunafurahi. Kama mfupa ni mzima basi kilichobaki ni nyama, na nyama iliyolala dawa yake tunaijua. Inakandwa.

Shangazi Mwamvua, dada wa marehemu baba yetu, anakaa Ujiji na kazi yake ni kukanda watu. Anakanda wanawake waliojifungua, wavuvi waliokaza migongo kwa kuvuta nyavu, watoto wenye shingo zilizopinda. Nimemwona akimkanda mtu aliyeletwa amebebwa, na mtu yule akarudi kwake kwa miguu, nalo hilo lazima liandikwe. Kabla ya kukanda alichemsha mawese miaka yote ya ujana na utu uzima wake. Alikuwa akiingiza mikono kwenye pipa lililoepuliwa muda huo huo kutoa makapi. Ngozi ya viganja vyake imekuwa kama kwato.

Tulihamia kwake, mimi na Sada. Siku za kwanza alitumia mawese ya vuguvugu yenye majani ambayo siyajui majina. Alikuwa akinibonyeza kwa kidole gumba kuanzia begani.

"Unauma?"

"Hauumi, Shangazi."

"Hapa je?"

"Hausikii."

"Basi hujakandwa bado."

Mkono ulizidi kulegea. Shangazi alianza kukasirika, na hasira yake naielewa, kwa sababu majirani walikuwa wanapita uani wanachungulia, na mtoto wa kaka yake mwenyewe ndiye haponi. Siku Butoyi alipokuja kutuona, alimgeukia yeye. "Mwanaume mzima, mkono umelala kama mlenda. Wewe mwenzake unakula nini ambacho yeye hali?"

"Yeye anakula vizuri, Shangazi. Kazi ndiyo haitaki."

Tulicheka wote, hata mimi.

Shangazi akairudisha sufuria kwenye jiko la mkaa. Ilipokaa kiasi akaiteremsha, akachovya mkono wake ndani mbele ya macho yangu, akautoa, akausugua na mwenzake. "Ya kawaida," akasema. Nataka hili lijulikane kabla ya yanayofuata. Alijipima yeye kwanza. Hakunifanyia kitu ambacho hakujifanyia.

Akanimiminia kuanzia kwenye kiwiko na kuanza kukanda kushuka. Mimi nilikuwa namsikiliza Butoyi akieleza habari za mashine. Nilisikia harufu ya kitu kinachokaangwa, nikadhani ni samaki wa jirani, migebuka. Sada alikuwa mlangoni anachambua mchicha. Aliinua pua, kisha akainua macho, kisha akaja mbio akamshika Shangazi mikono yote miwili. Ngozi yangu ilikuwa imejikusanya chini ya vidole vya Shangazi kama ganda la nyanya iliyotiwa maji ya moto. Pale ilipotoka palikuwa pekundu, na katikati ya wekundu palikuwa peupe. Usoni nilikuwa bado na kicheko cha Butoyi.

"Hakulia," Shangazi alisema. "Mwenyewe hakulia."

Ndilo neno alilosema siku ile, na ndilo alilolirudia kwa kila aliyemuuliza. Nimelifikiri sana. Ni neno la kweli.

Nililazwa. Kidonda kilianzia kwenye kiwiko kikaishia karibu na kifundo cha mkono, na kabla ya muda mrefu kilitoa usaha wa kijani. Kitanda cha jirani alikuwepo mzee aliyeungua mguu. Muuguzi alipokuwa akimkwangua nyama iliyokufa, mzee yule alilia mpaka akamwita mama yake, ambaye bila shaka alishazikwa zamani. Zamu yangu ilipofika nilikuwa nautazama mkasi unavyokata nyama yangu, na huku namuuliza Sada ameleta chakula gani. Mzee alinitazama kwa chuki kabisa.

"Ungeniazima huo mkono kwa leo tu," akasema.

Daktari wa upasuaji hakuzunguka. "Mkono haufanyi kazi, hausikii, na sasa unaoza. Sumu ikiingia kwenye damu nakupoteza wewe mzima. Ushauri wangu tukate juu ya kiwiko. Zungumza na watu wako, halafu unipe jibu."

Watu wangu walikizunguka kitanda. Butoyi alisema, "Kata, kaka. Kimebaki nini cha kutunza? Mimi nikipita kwenye mashine wanaziba pua, wanadhani ni wewe." Alisema hivyo akiwa analia, naomba na hilo lihesabiwe. Shangazi Mwamvua alisimama miguuni pa kitanda na khanga yake imefunika mdomo. "Ulikuwa umekufa kabla haujanifikia," akasema. Sada peke yake ndiye aliyeuliza swali. "Umekufa au umelala?"

Na mimi, tangu chini ya ule mchikichi, swali langu lilikuwa hilo hilo, sikuwa na maneno yake tu. Kama umekufa, ukatwe. Kama umelala, nitakuwa nimejikatia mkono mzima kwa mkono wangu mwenyewe, na haurudishwi.

Sada alikwenda kumtafuta mama wa fizio, yule niliyeambiwa niende kwake wiki ya kwanza na sikwenda. Alikuja ameshika kinyundo cha kugongea magoti. Hakunipa pole. Akamwambia Butoyi asimame karibu yangu, akunje mkono. Butoyi akaukunja, ukavimba.

"Hii ni misuli," mama wa fizio akasema. "Ndani yake kuna seli ndefu nyembamba, zimelala pamoja kama nyuzi kwenye kamba ya katani. Kazi yao ni moja, kujivuta ziwe fupi. Zikichanika kwa kazi, pembeni yake kuna seli changa zinaamka zinaziba pengo. Ndiyo maana mkwezi akiumwa misuli leo, akipumzika anarudi mnene zaidi. Msuli ukiuchosha unasamehe."

"Na yangu?" nikauliza.

"Misuli yako haikuumia kwenye mti. Imekosa wa kuiambia kitu."

Akaweka kidole nyuma ya shingo yangu. "Seli za neva zinazouamuru mkono zinakaa hapa, ndani ya uti wa mgongo. Kila moja ina mwili mdogo usioonekana kwa macho, na mkia. Mkia huo unatoka hapa unashuka hadi kwenye misuli ya kiganja. Seli moja, urefu wote huo. Haijivuti. Haina nguvu ya kuinua hata unyoya. Inapeleka habari tu, kama umeme. Na kuna wenzake wanaoleta habari kutoka huko, za moto, za baridi, za mwiba. Wako ndio waliokatika mikia, wa aina zote mbili. Ndiyo maana hukuinua mkono, na ndiyo maana hukusikia mafuta."

"Basi neva nazo zitasamehe, kama msuli."

"Neva ni mtu mwingine. Mwili wa seli ukifa, mwingine hauzaliwi. Mkia ukikatika na mwili ukiwa hai, mkia unaota tena, ila kwa siku unasogea unene wa uzi wa kushonea, si zaidi. Na huku chini msuli usioambiwa kitu unajila wenyewe. Unakonda, mwisho unageuka kovu na mafuta. Neva ikichelewa mno inakuta nyumba haina mtu. Bega liko karibu. Kiganja kiko mbali. Kuhusu kiganja sikudanganyi."

Butoyi alikuwa bado amekunja mkono. "Na huu wangu, mama, ukikaa bila kuambiwa?"

"Utaisha hivyo hivyo."

Butoyi akaukunjua taratibu, akauficha nyuma.

Kisha mama wa fizio alianza kunigonga kwa ncha ya kidole kwenye shimo la juu ya mfupa wa mtulinga. Aligonga, akasogea, akagonga. Mahali fulani chini ya mtulinga ilipita shoti, ikachapa hadi kwenye kidole gumba, kidole ambacho Shangazi, alipokuwa ananikanda, alikipindua mpaka kikalia na sikusikia. Nilipiga kelele. Yule mzee wa kitanda cha jirani akasema, "Alhamdulillahi," na sijui kama alinifurahia au alifurahi kwamba hatimaye nami naumwa.

"Mikia imefika hapo," mama wa fizio akasema. "Huu mkono haujafa."

Alikwenda yeye mwenyewe kuongea na daktari wa upasuaji. Daktari alirudi akasema, "Nakupa muda kama usaha utapungua. Usipopungua sibishani na mtu." Naona alikuwa na haki. Angeweza kukataa na nisingekuwa na la kusema.

Usaha ulipungua. Walinichuna ngozi pajani wakaibandika mkononi. Paja lilikuwa na neva zake zote, na liliuma mpaka nikatamani lingekuwa mkono. Muuguzi aliyekuwa amenizoea nikitulia kama gogo alishangaa. "Kumbe nawe unajua kulia," akaniambia, akaendelea na kazi.

Nilirudi Mwandiga. Sasa wenzangu wa kwenye benchi, hapa ndipo panapovunja watu, na nasema kama nilivyoona mimi, huenda kwenu ikawa tofauti. Kidonda kinaonekana kikipona. Neva ikiota huoni kitu. Unachoona ni mkono unaisha. Bega langu lilibonyea mpaka mfupa ukatoka kama kitasa. Watu wa kwenye mashine bado walikuwa wanatuambia tuweke mikono pamoja, mimi na Butoyi, ila sasa walikuwa wanafanya hivyo ili wacheke. Mmoja alisema wa kwangu ni wa mama mzaa chema na wa Butoyi ni wa baba. Butoyi alicheka kidogo. Akapata mkwezi mwingine wa kufanya naye kazi, na siku moja nilimsikia nyuma ya mapipa akimwambia mnunuzi, "Nilikuwa na pacha." Sijui alimaanisha nini. Huenda alimaanisha kazini.

Kila siku Sada alikuwa akinikunja na kunikunjua kila kiungo, bega, kiwiko, kifundo, kidole kimoja kimoja, kama mama wa fizio alivyoagiza, ili viungo visigande vikingoja. Alifanya huku anasonga ugali wa muhogo kwa mkono mwingine, huku ananigombeza kwa mambo mengine kabisa. Mimi kila asubuhi niligonga kwa kidole kuanzia kwapani. Shoti ilitoka kwapani ikawa katikati ya mkono. Ilikaa hapo mpaka nikakata tamaa. Kisha siku nyingine nikaikuta karibu na kiwiko. Nilikuwa sijiamini. Nilimwita Sada naye agonge nikiwa nimefumba macho, nisije nikawa najidanganya kwa kutamani.

Na neva ikirudi hairudi kwa upole. Maumivu ya msuli mnayajua wote, ni mazito, ukilala yanapungua, hata yana raha yake. Ya neva hayafanani na kazi yoyote. Ni pilipili kwenye jeraha, kisha maji ya baridi, kisha sisimizi chini ya ngozi, na ukijikuna hupati mahali pa kukuna. Yalikuja kwenye vidole ambavyo nilikuwa bado siwezi kuvigusa nikasikia. Nilimuuliza mama wa fizio inawezekanaje kiungo kisichosikia kiniumize. Akasema seli zile zinapoota zinapiga habari ovyo, kama simu inayojipigia mfukoni.

Mara ya kwanza kwa msuli kujibu, mimi sikujua. Sada ndiye aliyejua. Alikuwa ananikunja kiwiko huku anabishana mlangoni na muuza dagaa, mwanamke wa Ujiji mwenye maneno. Akanyamaza ghafla.

"Nini?" muuza dagaa akauliza. "Nimekushinda?"

"Amenisaidia," Sada akasema. "Mkono umenisaidia kidogo."

Muuza dagaa akaingia hadi ndani, akaweka beseni chini, akanishika juu ya kiwiko bila kuomba. "Kunja, baba." Nikajaribu. Kilichosogea kilikuwa kama samaki mdogo chini ya tope. Akapima dagaa akaongeza kiganja kimoja juu, akaondoka, na Sada hakumbishia tena siku ile.

Baada ya hapo kiwiko kilikuja kwa kasi, maana msuli ukishapata wa kuuambia unajaa, kazi hiyo unaijua wenyewe. Siku kilipokunjika chenyewe hadi juu, hakikujua kusimama. Ngumi ilinipiga mdomoni ikanipasua. Nililia na damu mdomoni, Sada akacheka mpaka akakaa chini. Nilipomwonyesha yule daktari wa upasuaji, aliushika mkono akaukunja na kuukunjua, akasema mbele ya wanafunzi wake, "Huu nilitaka kuukata." Hakulazimika kuwaambia.

Kwa kiganja ikawa kama mama wa fizio alivyosema. Vidole vinajifunga, nashika jembe, nashika kikombe. Ile misuli midogo iliyo kati ya mifupa ya kiganja ilikufa kabla ya kufikiwa. Kati ya kidole gumba na cha shahada kuna bonde. Siwezi kufunga kifungo cha shati, siwezi kuokota sindano, na kamba ya kukwea siwezi kuishika kwa namna ya kumfanya mtu mwenye akili aniache nikwee. Sitakwea tena. Niliambiwa hivyo kwa maneno machache na niliyapokea kwa maneno machache. Butoyi alikuja akanipima kwa vidole vyake kuzunguka mkono. "Bado mwembamba," akasema. Kisha akasema, "Ila upo." Sijui kama ameacha ule mtindo wa kamba kwapani. Nikiwepo naangalia, haufanyi.

Namshukuru Mungu. Namshukuru Sada mbele ya wote. Nawashukuru muuguzi na daktari na mama wa fizio, na Butoyi aliyenishusha mgongoni mwake. Ushauri wangu ni mdogo, na wenye elimu wanirekebishe. Kiungo kikiumia na hakiumi, usifurahi, kimbia hospitali. Ukiambiwa uende fizio, nenda. Kiungo kisichosikia kisikaribie moto wala maji ya moto wala mafuta, hata akukandaye akiwa mtu anayekupenda. Na mwenye kupima joto asiwe yule ambaye mikono yake imezoea. Apime mwenye ngozi laini. Kila siku ukitazame kwa macho kiungo hicho, kwa sababu hakitakuita.

Shangazi Mwamvua nilikwenda kumwona baada ya mkono kurudi. Nilikuta uani kwake ameketi mvuvi aliyepigwa na kiharusi, mguu wa kushoto umelegea, na sufuria iko juu ya jiko. Alinikaribisha kama mtu aliyeniona jana. Hakuniomba radhi, na mimi sikwenda kwa ajili hiyo, au ndivyo ninavyojiambia. Nilimuuliza kama mguu ule unasikia.

"Utasikia nikishaukanda," akasema. Akachovya mkono kwenye sufuria, akausugua na mwenzake. "Ya kawaida."

Nilinyoosha mkono wangu juu ya sufuria. Sijui niwaelezeje ngozi ile ilivyo sasa. Habari zote zimerudi kwa mpigo mmoja, shati likinigusa nashtuka. Mvuke peke yake ulinirusha nyuma nikagonga ukuta. Mvuvi akacheka kwa nusu ya uso. Shangazi hakucheka. Aliutazama mkono wake, akautazama wangu, akaiteremsha sufuria, akaipeleka kivulini, akakaa akaingoja.

Tangu hapo hamkandi mtu asiyesikia bila kuniita. Anatuma bodaboda Mwandiga na neno moja, aje na mkono wake. Ananidondoshea tone juu ya kovu, na hautazami mkono, ananitazama usoni. Wakati mwingine naona tone ni la moto kuliko inavyohitajika kwa kupima. Sisemi anafanya makusudi. Mikono yake haijui.

"Unauma?" ananiuliza.

"Unauma, Shangazi."

"Basi bado," anasema, na anaisogeza sufuria kivulini.